Diski Haisomi

Saa mbili usiku nilichomeka diski kwenye laptopu ili mwanangu amsikie babu yake akizungumza. Baba alifariki mwaka 2016. Miaka miwili kabla ya hapo nilikaa naye barazani kwake Pangani siku nne mfululizo, simu yangu nimeilaza juu ya mkeka, akanisimulia ujana wake katika korona, yaani kiwanda cha kukamua mkonge. Zilipatikana saa kumi na moja za sauti. Nikazihamishia kwenye hadidiski ya nje, ile ya kuenea kiganjani, nikaitia ndani ya soksi safi na kuiweka kabatini. Nakala nyingine sikuwa nayo. Usiku ule taa yake ya buluu iliwaka, ikapepesa mara mbili, ikazimika. Nikachomoa, nikachomeka tundu la pili. Kimya.

Mwanangu ndiye aliyelitamka neno lenyewe: "Baba, haisomi."

Kesho yake asubuhi niliipeleka kwa fundi wa mtaani kwetu. Akaichomeka, akasubiri kidogo, akaniambia, "Hii tuifomati tu, itasoma." Nilimshukuru, nikaichomoa kwa mkono wangu mwenyewe, nikapanda daladala kwenda Kariakoo. Kompyuta sikuisomea. Nilichokijua ni kwamba kufomati ni kufyeka shamba ili upande upya, na sauti ya Baba haina mbegu nyingine popote duniani.

Fundi niliyeelekezwa ana chumba ghorofa ya pili, hatua chache kutoka Mtaa wa Aggrey, juu ya maduka ya kava za simu. Ameifanya kazi hii tangu enzi za flopi, na ameniomba nisimtaje jina kwa kuwa wateja wake wengi humletea mambo ya ndani ya ofisi zao. Mezani pake kuna bisibisi za kila saizi, mita ya kupimia umeme, kikombe kilichojaa skrubu ndogo kama punje za ulezi, na waya. Waya nyingi mno, zimening'inizwa ukutani kwenye misumari, kila msumari na aina yake. Nikamnyooshea diski na kumwambia haisomi. Hakuipokea.

"Haisomi vipi, kaka?" akauliza.

Swali hilo ndilo lililonirudisha pale siku tatu zaidi, nikakaa kwenye kiti cha plastiki na daftari langu. Kiswahili chetu kimeifunga shida hii katika neno moja, na ndani ya neno hilo mna maradhi manne. Diski isiyopata umeme, tunasema haisomi. Diski inayopata umeme lakini kompyuta haina habari nayo, haisomi. Diski ambayo kompyuta inaijua kwa jina na ukubwa lakini haikuipa herufi ya kuifungulia, haisomi. Na diski inayoonekana vizuri kabisa, ila ukiibonyeza unaambiwa uifomati kwanza, nayo haisomi. Mgonjwa akifika zahanati na kusema "naumwa", daktari anauliza wapi, tangu lini, kwa namna gani. Mafundi wetu wengi hawaulizi. Wanatoa dawa hapo hapo, na dawa wanayoipenda ni kufomati. Nimeona kwa macho yangu mali za watu zikipotea kwa sababu hiyo, na naandika makala haya kwa uchungu.

Ili nielewe, fundi alinitolea diski iliyokufa zamani, akaifungua kifuniko. Ndani mna sahani zinazong'aa kama kioo cha kujitazamia, na juu yake mkono mwembamba unaofanana na mkono wa santuri. Umeme ukiingia, mota huzungusha sahani hizo mara 5,400 kwa dakika katika diski nyingi za laptopu, na mara 7,200 katika nyingi za kompyuta za mezani. Zikishashika kasi, mkono hutoka kwenye maegesho yake ukiwa na vichwa vya kusomea, na vichwa hivyo huelea juu ya sahani. Huelea kwelikweli, vikibebwa na hewa inayosukumwa na mzunguko, kwa kimo cha nanomita chache. Unywele wa binadamu una unene wa makumi ya maelfu ya nanomita. Kwa vichwa hivyo, punje ya vumbi la Kariakoo ni jabali barabarani.

Kazi ya kwanza ya vichwa, kabla ya kugusa faili lako lolote, ni kusoma eneo la sahani ambalo wewe mwenye diski huwezi kuliona. Humo ndimo zilimoandikwa programu na vipimo vya diski yenyewe. Ikishajisoma ndipo inapoweza kubisha hodi kwa kompyuta: jina langu hili, namba yangu hii, ukubwa wangu huu. Hodi hiyo ikisikika, diski imetambuliwa. Hatua yoyote ikikwama kabla yake, kompyuta itaendelea na shughuli zake kana kwamba hakuna mtu mlangoni.

Kwa sababu hiyo fundi huanzia nje. Aliichukua diski yangu, akaichomeka kwa waya wangu ule ule, akailaza kwenye kiganja na kufumba macho. Kisha akanikabidhi nami niisikilize. Nilihisi mtetemo mdogo, kama wa paka anayekoroma, ukaanza, ukapanda, ukakatika. Ukaanza tena, ukakatika. "Inaamka, inakosa nguvu, inalala," akasema. "Hii ina njaa."

Tundu la USB la kizazi cha pili, lililoko kwenye kompyuta nyingi za zamani, limewekewa kutoa miliampea 500. La kizazi cha tatu, ambalo aghalabu huwa na ulimi wa buluu, hutoa 900. Diski ikishazunguka hula kidogo, lakini ule mwamko wa kwanza, wa kuzitoa sahani kwenye kusimama mpaka kasi kamili, unahitaji umeme mwingi zaidi kwa sekunde chache. Tundu likiwa dhaifu, au waya ukiwa mrefu na mwembamba, au diski ikiwa imepitishwa kwenye kigawanyio kilichobeba kipanya, kibodi na modemu, umeme unaofika haufikii mahitaji. Taa itawaka, maana taa haihitaji kitu. Wengi hudanganyika hapo. Wanaona taa, wanaamini umeme umefika, wanailaumu diski. Hata kwenye kompyuta ya mezani matundu ya mbele hupitia waya wa ndani kabla ya kufika kwenye bodi, ilhali ya nyuma yameungwa kwenye bodi yenyewe, kwa hiyo fundi huyu hajaribu diski ya mteja kwenye tundu la mbele hata siku moja.

Halafu akauchukua waya wangu, akakiweka kichwa chake chini ya kioo cha kukuzia. Ni kile kichwa bapa, kipana, chenye mkato, kinachoingia kwenye diski nyingi za nje. Pini mbili zilikuwa na ukoko wa kijani, kama ule wa sarafu ya shaba iliyokaa shambani. Miaka yote hiyo niliihifadhi diski kwenye soksi, na waya nikauzungushia kwa kuukaza, kabatini, katika nyumba ambayo upepo wa bahari huingia kutwa. Chumvi na unyevu vilikuwa vikifanya kazi yao taratibu. Na kule kukaza waya, fundi alinionyesha, kulikuwa kumeilegeza shingo ya kichwa mpaka kinacheza ndani ya tundu.

Alichomoa waya mwingine msumarini, mfupi na mnene, akaichomeka diski nyuma ya kompyuta ya mezani. Mtetemo ukapanda, ukatulia, ukaendelea. Diski imebisha hodi. Nilitaka kushangilia. Kwenye kioo ukatokea ujumbe wa kuomba ruhusa ya kuifomati kabla ya kutumia.

Ugonjwa wa kwanza ulikuwa umezaa wa pili. Kila diski ilipokatikiwa umeme katikati ya kazi, maandishi ya mwanzoni mwake, yanayoiambia kompyuta mafaili yako wapi, yalikuwa hatarini, na mara moja katika hizo yaliharibika. Sauti ya Baba ilikuwa imo humo humo, haijaguswa. Kilichokosekana ni ukurasa wa yaliyomo. Fundi wa mtaani kwetu angebonyeza "ndiyo".

"Iache kwangu mpaka keshokutwa," fundi akasema, "na usinipigie simu usiku." Nikabaki pale kutazama wateja wengine.

Mama mmoja, mtunza hesabu wa chama cha kukopeshana, alileta diski kubwa ya nje, ya aina inayokula umeme wa volti 12 kutoka ukutani. Chaja yake ilipotea, akatumia ya laptopu kwa kuwa kichwa kiliingia vizuri. Chaja za laptopu nyingi hutoa volti 19. Alisikia harufu ya kuungua, basi. Alipokuwa akieleza alikuwa ameshika mkoba kwa mikono miwili kama mtu aliye msibani.

"Mwanangu, mna hesabu za watu humo," akasema.

Fundi alifungua kasha, akageuza diski, akaweka ncha za mita kwenye kitu kidogo cheusi, kisichozidi punje ya mchele, kilicho karibu na pini za umeme. Ni mlinzi. Volti zikizidi, chenyewe hujiunguza na kuufunga umeme ardhini ili usipite kwenda kwenye sehemu za ndani. Diski yenye mlinzi aliyekufa haina dalili ya uhai, haizunguki, haitoi sauti, nayo pengine ni nzima. Alikiondoa kwa pasi ya kulehemu, akatafuta chaja sahihi, na sahani zikaanza kuzunguka. Mama alimshika fundi bega na kumwombea dua ndefu. Fundi akamkatiza kwa adabu: "Mama, shukrani baadaye. Diski hii sasa haina mlinzi. Tunakili kwanza, leo leo, kisha tuipumzishe."

Nilimuuliza kwa nini watu husema diski kama hiyo hubadilishiwa bodi tu. Akasema zamani ilikuwa hivyo. Kwenye diski za miaka hii, bodi ina kichipu kinachobeba vipimo vya diski ile ile moja, vilivyopimwa kiwandani kwa ajili ya vichwa vyake na sahani zake. Ukiweka bodi ya diski nyingine bila kukihamisha kichipu, hata kama modeli ni moja na zimetoka sanduku moja, vichwa vinapotea njia. Vilevile kuna diski za nje, hasa za Western Digital, ambazo kasha lake husimba data kwa ufunguo ulio kwenye bodi ya USB. Anayeitoa diski kasha na kuichomeka moja kwa moja kwenye kompyuta ataona takataka tupu na kuamini data imekufa. Haijakufa. Imefungwa, na ufunguo ameutupa pamoja na kasha.

Siku ya pili alikuja mpiga picha za harusi. Kijana wa miaka kama thelathini, fulana yenye jina la studio yake. Alimwamkia fundi shikamoo, akachomeka mwenyewe kabla hajaambiwa, labda kwa haraka ya mahangaiko. Sote tukasikia: tka, tka, tka. Fundi aliuvuta waya kabla haijagonga mara ya nne. Nilihesabu.

"Umeisikia hiyo sauti tangu lini?"

"Tangu Jumamosi, mzee. Nimekuwa nikijaribu jaribu."

Ilikuwa Jumatano.

Sauti ile ni ya mkono unaokwenda kutafuta alama kwenye sahani, unaikosa, unarudi mwanzo kwa kishindo, unakwenda tena. Vichwa vimeharibika, ama sahani imekwaruzika, au vyote viwili. Diski iliyoanguka wakati inafanya kazi hufikia hapo mara nyingi. Wakati mwingine haigongi, inalia tu kama mdudu aliyenaswa kwenye chupa, maana vichwa vimeganda juu ya sahani na mota inashindwa kuzungusha. Katika hali zote mbili kila dakika ya umeme ni kama kuburuta msumari kwenye santuri. Siku nne za kujaribu jaribu zilikuwa zimekwangua harusi ile.

Fundi alimweleza yote haya kwa upole. Akamwambia kufungua diski ili kubadilisha vichwa ni kazi ya chumba maalumu kisicho na vumbi na mikono iliyofunzwa kwa jambo hilo. "Mimi sina chumba hicho, kwa hiyo sifungui. Na mtu yeyote akikuambia atakufungulia juu ya meza kama hii, chukua diski yako uondoke." Kijana akauliza kuhusu kuigandisha kwenye friji, kuna mtu kamwambia. Fundi akatikisa kichwa. Diski iliyotolewa kwenye baridi na kuletwa kwenye joto na unyevu wa Dar es Salaam hutoka jasho ndani, na tone la maji juu ya sahani linamaliza kilichobaki. Hakumtoza hata senti. Mimi namheshimu fundi kwa kazi anazozikataa kuliko anazozifanya, na kazi ile aliikataa vizuri.

Kijana alisimama dirishani kupiga simu. Nilimsikia akisema "Shikamoo mama," halafu akanyamaza muda mrefu.

Si kila ukimya una maumivu kiasi hicho. Ofisi moja ilimwita fundi kwa diski "iliyokufa" ambayo ilikuwa imekosa herufi tu: kompyuta ile ilikuwa imeipa folda ya mtandao wa ofisi herufi ambayo diski iliizoea, basi diski ikabaki nje bila kiti. Kwenye Windows kuna ukurasa wa kusimamia diski, unaofunguka ukiandika diskmgmt.msc, na humo unaiona diski imekaa salama ikisubiri herufi. Unaipa herufi nyingine, kazi imekwisha. Mwingine alikuwa na diski iliyoandikwa kwenye Mac, na Windows haiufahamu mpangilio ule, ikamwambia afomati. Alikuwa amekaribia kukubali. Na kuna wale waliobadilishiwa bodi ya kompyuta kisha wakadaiwa ufunguo wa BitLocker wenye tarakimu 48 ambao hawajawahi kusikia habari zake. Huenda umehifadhiwa kwenye akaunti yao ya Microsoft, nao hawajui.

Mwanafunzi wa chuo kikuu alifika na laptopu iliyowaka na kusema haina diski ya kuanzia. Alinunua SSD mpya, ile nyembamba kama jojo, akaisukumiza mwenyewe, ikaenea. Kumbe kuna aina mbili zenye umbo karibu moja, ya SATA na ya NVMe, na tundu la laptopu yake lilikubali NVMe pekee. Kuenea siyo kuelewana. Alikuwa amenunua ya SATA kwa kuwa ilikuwa bei poa. Fundi alimwonyesha kwenye BIOS, ule ukurasa wa kwanza unaofunguka kwa F2 au Delete kabla Windows haijaamka, akamwambia aikariri njia yake. Diski ya ndani isiyoonekana hapo, hakuna programu ya Windows itakayoiona. Ikionekana hapo, shida iko juu zaidi. Kwa maoni yangu hilo ndilo jambo moja ambalo kila mwenye kompyuta anapaswa kulijua, kwa sababu linagawa dunia katika nusu mbili ndani ya dakika moja, na halihitaji bisibisi.

SSD zenyewe ni habari nyingine, na zinanitisha zaidi. Hazina sahani, hazina mkono, kwa hiyo hazigongi, hazilii, hazitoi ilani ya masikio. Jana ipo, leo haipo. Na pengine mwenye mali hana kosa lolote. Novemba 2019 kampuni ya Hewlett Packard Enterprise iliwatangazia wateja wake kwamba baadhi ya SSD za seva zake zitakufa zikitimiza saa 32,768 za kazi, yaani miaka 3, siku 270 na saa 8. Chanzo kilikuwa kasoro kwenye programu iliyo ndani ya diski. Ikishafikia saa hiyo, diski haifufuki na data haipatikani, na dawa pekee ni kusasisha programu mapema. Fikiria ofisi iliyonunua diski nane siku moja, ikaziwasha siku moja, ikaamini kuwa moja italinda nyingine. Zingeondoka pamoja kama mashahidi waliopanda basi moja. Kabla ya hapo, mwishoni mwa 2008 na mwanzoni mwa 2009, diski za Seagate za familia ya Barracuda 7200.11 zilikuwa zikitoweka kwenye BIOS baada ya kompyuta kuwashwa upya, huku data ikiwa nzima juu ya sahani. Hiyo nayo ilikuwa kasoro ya programu ya ndani. Kampuni ikatoa programu mpya Januari 2009.

Flashi za bei ya kutupa zinazouzwa zikidai ukubwa wa TB 2 nazo nizitaje kidogo. Kidhibiti chake kimefundishwa kudanganya kwenye hodi: kinataja ukubwa ambao hakina. Utajaza mafaili, yataonekana kwa majina, na siku ya kuyafungua hayamo. Hakuna fundi atakayekurudishia kitu ambacho hakikuwahi kuandikwa.

Asubuhi ya siku ya tatu nikafika mapema. Diski yangu ilikuwa imelazwa juu ya kipande cha sponji mbele ya feni, imeunganishwa na kompyuta inayoendeshwa na Linux. Fundi hakuwa ameanza kuitengeneza. Alichofanya usiku kucha ni kuinakili nzima, kutoka sekta ya kwanza hadi ya mwisho, kwenda kwenye diski nyingine, kwa programu ya bure iitwayo ddrescue, kazi ya Antonio Díaz Díaz. Programu hiyo huchukua kwanza sehemu zinazosomeka kwa urahisi na kuziacha zenye matatizo zije mwishoni, ili diski dhaifu isichoshwe na sekta mbovu kabla ya kutoa nzima. Tena huandika daftari la mahali ilipofika. Umeme ulikatika mara mbili usiku ule, na mara zote mbili iliendelea ilipoachia.

Ni kwenye nakala ndipo alipoanza kutibu. "Diski ya mteja inasomwa, haiandikwi," akaniambia, na nadhani ndiyo sheria kuu ya kazi yake. Kompyuta yenyewe hujitolea kukagua na kurekebisha makosa, na ukiikubalia itaandika juu ya diski ile ile inayokufa. Alitumia TestDisk ya Christophe Grenier, nayo ya bure. Mpangilio wa NTFS, unaotumiwa na diski nyingi za Windows, huhifadhi nakala ya sekta yake ya kwanza mwishoni kabisa mwa eneo lake, kwa tahadhari ya siku kama hii. Sekta ya kwanza ya diski yangu ilikuwa imeharibika. Ile ya mwishoni ilikuwa nzima. Akairudisha mbele, akabonyeza, folda zikafunguka kwa mpangilio wake, na majina niliyoyaandika mimi mwenyewe mwaka 2014: Baba siku ya kwanza, Baba siku ya pili.

Nilikaa kitako pale kwenye kiti cha plastiki. Diski ilikuwa imejiwekea nakala ya kile kilicho muhimu kwake, na mimi niliyezaliwa na Baba sikuwa nimemwekea nakala.

Fundi akaniuliza kama nataka kuhakiki. Nikafungua faili la siku ya tatu, katikati. Kulikuwa na jogoo kwa mbali, na kikombe kikiwekwa chini. Baba alikuwa akieleza mashine ya korona inapogoma asubuhi wakati mkonge umeshafika na vibarua wamesimama. "Usikimbilie injini," alikuwa akisema. "Tazama mkanda kwanza." Kijana wa fundi aliyekuwa akipanga skrubu aliinua kichwa kusikiliza.

Kati ya saa kumi na moja nimepoteza dakika ishirini na mbili, mwishoni mwa siku ya nne. Ziliangukia kwenye sekta zilizokataa kusomeka, na fundi aliniambia bila kuzunguka kwamba hazitarudi. Zilizobaki nimezinakili mara tatu: moja iko kwangu, moja iko kwa dada yangu Tanga kwenye diski ya kampuni tofauti iliyonunuliwa mwezi tofauti, moja iko kwenye hifadhi ya mtandaoni. Mwanangu amesikiliza mpaka siku ya pili.

Nawe, msomaji, kama una diski iliyonyamaza kabatini na mtu amekuambia uifomati, usiifomati. Badilisha waya. Badilisha tundu. Ijaribu kwenye kompyuta nyingine. Ikigonga au kulia, ichomoe papo hapo na usiirudishe kwenye umeme mpaka imfikie anayejua. Na ukifika kwa fundi asiyekuuliza haisomi vipi, ondoka na diski yako.

Nililipa shilingi elfu sitini. Waya wangu wa zamani niliuomba niuchukue, fundi akakataa. Aliukata katikati kwa mkasi mbele yangu, akautupa kwenye ndoo, ili asije mtu mwingine akautumia.